Mashine ya MIG kwa kazi za nyumbani na gari: ulinganisho kwa mtu wa Dodoma

MIG ni mashine inayochomelea kwa waya unaojisukuma kutoka kwenye roli, badala ya vijiti. Dukani swali la kwanza huwa "hii ina ampia ngapi?" Ni swali halali, lakini kwa anayeishi Dodoma, Singida au Kondoa kuna matatu yanayolitangulia. Umeme wa nyumbani kwako unabeba nini? Mtungi wa gesi ukiisha utaujaza wapi? Na utachomelea ndani ya banda au uani, kwenye upepo? Jibu hayo kwanza bila kujidanganya, ndipo uje kwenye ampia.

Nalinganisha aina tatu ambazo mtu wa kazi ndogondogo hukutana nazo madukani: mashine ndogo ya waya isiyotumia gesi, inverta, yaani mashine nyepesi inayoendeshwa na bodi za elektroniki, ya kazi tatu (waya na gesi, waya bila gesi, na vijiti), na ile transfoma kubwa yenye magurudumu na mtungi nyuma. Majina ya kampuni siyataji. Mashine za umbo moja na bodi moja ya saketi ndani huuzwa kwa nembo tofauti, kwa hiyo jina peke yake halikuambii mengi.

Vigezo, kabla ya mashine

Cha kwanza ni unene wa chuma chako. Bodi ya gari dogo ina milimita 0.7 hadi 0.9. Eksozi huwa milimita 1.2 hadi 1.5. Skwea paipu za grili na mageti ya kawaida ziko kati ya milimita 1 na 2, na hapa pima mwenyewe, maana inayotajwa kwa mdomo na inayosomeka kwenye kipimo si lazima zilingane. Chasisi ya pikapu inaanzia milimita 3. Hii ndiyo sababu watu wanahama kutoka vijiti kwenda MIG: elektrodi (kijiti) ya milimita 2.5 inataka ampia 60 hadi 90, na ukiipeleka kwenye fenda ya IST utabaki na tundu. Waya wa milimita 0.6 unawaka vizuri kwa ampia 30 au 40.

Cha pili ni umeme, na hapa naomba tukae kidogo. Nyumba zetu nyingi zina umeme wa njia moja, volti 230, na soketi za pini tatu za ampia 13. Moto wa MIG wa ampia 90 unahitaji volti 18 na nusu hivi, sawa na kilowati 1.7. Ongeza kinachopotea ndani ya mashine, na inverta ya kawaida itakuwa inavuta ampia 13 ukutani. Hapo ndipo plagi ya kawaida inapoishia. Ampia 200 za kuchomelea zinavuta 30 na zaidi, kwa hiyo zinataka laini yake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme, waya wa milimita 6 za mraba na breka ya 32, kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Kuhusu LUKU watu huogopa kupita kiasi: saa nzima ya moto wa ampia 90 bila kuachia ni uniti 2 na kidogo, na hakuna anayechomelea saa nzima bila kuachia.

Sasa geuza mashine uangalie bamba la nyuma. Tuseme ubavuni imeandikwa ampia 250 kwa tarakimu kubwa nyekundu. Kwenye bamba tafuta I1max, yaani umeme wa juu kabisa ambao mashine inavuta ukutani. Tuseme imeandikwa 18. Zidisha 18 kwa 230, unapata 4,140, chini kidogo ya kilowati 4.2. Moto wa MIG wa ampia 250 unahitaji volti 26 na nusu, yaani kilowati 6.6. Mashine haiwezi kutoa nguvu ambayo haikuingia. Hiyo ni mashine isiyozidi ampia 140 au 150 hivi, nayo inaweza kukufaa sana, mradi uilipie bei ya 140.

Bamba hilohilo lina herufi X yenye asilimia. Hiyo ni sehemu ya dakika 10 ambayo mashine inaweza kuwaka bila kuzidiwa na joto. X ya asilimia 60 kwenye ampia 140 maana yake ni dakika 6 za moto na 4 za kupoa. Kanuni ya kimataifa hupima hivyo kwenye joto la nyuzi 40, kwa hiyo mchana wa Novemba hautakuangusha kama bamba limeandikwa kwa haki. Bamba lisilo na X kabisa ni sababu ya kutosha ya kurudisha mashine kwenye rafu.

Cha tatu, gesi. Zinazotumika kwa chuma cha kawaida ni kaboni dayoksaidi tupu, au agoni iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi ya asilimia 20 hadi 25. Kaboni dayoksaidi inazama zaidi kwenye chuma, inatoa cheche nyingi, na nchini inapatikana kwa asili: Rungwe mkoani Mbeya inatoka ardhini na kuvunwa. Mchanganyiko wa agoni una moto mtulivu na ni mzuri zaidi kwa bati jembamba. Hesabu yake ni hii: mashine inakula lita 10 kwa dakika. Kilo 10 za kaboni dayoksaidi zinatoa zaidi ya lita 5,000 za gesi, saa 8 za moto mtupu. Mtungi wa lita 10 wa mchanganyiko uliojazwa kwa presha ya bar 150 una lita 1,500, saa 2 na nusu tu. Kabla ya kulipia mashine ya gesi, mpigie simu muuzaji wa gesi umuulize mambo matatu: anajaza palepale au anabadilisha mtungi, mtungi ukienda unarudi baada ya siku ngapi, na anapokea mtungi ulionunuliwa kwingine? Na usimsikilize anayekuambia utumie mtungi wa kizimamoto. Una bomba ndani linalovuta kimiminika kutoka chini, nacho kitaiharibu regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi.

Cha nne, upepo. Anayesoma maelekezo yaliyoandikwa kwa nchi ambazo watu wana gereji zenye mlango wa kushuka hatakuta jambo hili limesisitizwa. Gesi ya kulinda mshono inapeperushwa na upepo wa kilomita 8 kwa saa. Huo ni upepo wa kutikisa majani ya mwarobaini, basi. Kuanzia Juni hadi Oktoba, Dodoma upepo wa namna hiyo ni mapumziko. Wenyewe hasa unabeba mchanga. Mshono uliokosa gesi unajaa vitundu kama sponji, na kuongeza gesi hakusaidii, kwa sababu mkondo mkali wenyewe unavuta hewa ndani.

Cha mwisho ni vumbi na vipuri, nitavigusa kwenye kila mashine.

Mashine ndogo ya waya bila gesi

Hii hutumia waya wenye unga ndani. Unga ukiungua unatoa moshi unaolinda mshono na kuacha ganda la kugonga, kama la vijiti.

*Chuma.* Iko nyumbani kwake kwenye milimita 1.5 hadi 4: mageti, grili, vitanda vya chuma, toroli, vishikio vya eksozi, keria ya gari. Bodi ya gari ni ngumu kwake. Waya unaopatikana kwa urahisi ni wa 0.8 na 0.9, na unga huo unawaka kwa moto mkali kuliko waya mtupu. Mwenye mkono mtulivu ataziba tundu la sakafu ya gari kwa kupiga pointi, lakini paneli ya nje itakayopakwa rangi itamtesa. Jambo moja la kuangalia: nyingine za bei ya chini kabisa hutoa umeme wa AC (unaogeuka mwelekeo), na waya huu unataka DC (wa mwelekeo mmoja). Tofauti utaiona kwenye cheche.

*Umeme.* Zenye ampia 120 hadi 140 zinafanya kazi kwenye soketi ya kawaida ukibaki chini ya 90. Ekstensheni iwe fupi na nene. Ile nyembamba ya mita 30, ikiwa bado imezungushwa kwenye gurudumu lake, inapata moto na kuipunguzia mashine volti.

*Gesi na upepo.* Gesi haihitaji, na upepo wa kawaida haiujali. Kwa mtu anayechomelea uani Nkuhungu mwezi wa Agosti, sifa hii moja inashinda nyingi za karatasini. Moshi wake lakini ni mwingi. Simama upande unaotoka upepo.

*Matengenezo.* Ina vitu vichache, ila nyingi tochi yake (mshikio unaotoa waya) imefungwa moja kwa moja kwenye mashine. Ikikatika ndani, kuibadilisha ni kazi. Waya wenye unga ni laini, kwa hiyo usiubane sana kwenye roli za kuvutia, na hizo roli ziwe za meno. Bei ya waya kwa kilo ni kubwa kuliko ya waya mtupu, ila unaokoa gesi.

*Inamfaa* mpangaji, mwenye kazi za hapa na pale, na anayefanya kazi mbali na mji ambako mtungi ni ndoto.

Inverta ya kazi tatu

*Chuma.* Hapa uwanja ni mpana. Ukiwa na gesi na waya wa 0.6 unashuka hadi bodi ya gari. Ukiwa na waya wa 0.8 unafika milimita 5 au 6. Ukichomeka mshikio wa vijiti unamaliza kazi nzito ya shambani.

Nitaeleza kazi ya bodi kwa kuwa ndiyo inayowafanya wengi wanunue mashine hii. Chukua kizingiti cha mlango wa Noah kilicholiwa na kutu. Kata hadi ufikie chuma cheupe, si hadi kutu inapoonekana kuisha. Kata kiraka cha unene uleule, kiache nafasi ndogo kuzunguka, pungufu ya milimita moja. Piga pointi moja kona ya juu, ya pili kona ya chini upande wa pili, ya tatu katikati. Kila pointi ni sekunde moja hivi, kisha unaachia. Gusa bati kwa kiganja. Kama huwezi kuacha mkono, subiri. Unajaza nafasi kati ya pointi kwa kurukaruka namna hiyo mpaka zote ziungane, ndipo grainda inaingia, nayo kwa mguso mwepesi. Anayevuta mshono mrefu kwa mara moja ataona bati linajikunja mbele yake, na hakuna kiasi cha puti kitakachoficha hilo vizuri. Inverta inapendwa kwa kazi hii kwa sababu volti na mwendo wa waya unavirekebisha kidogo kidogo kwa kitufe, si kwa kuruka hatua.

*Umeme.* Ya ampia 160 hadi 200 itawaka kwenye soketi ya kawaida kwa kazi ya bati, kwa kuwa bati linataka kidogo. Kwa chuma kinene inadai laini yake. Volti zikishuka jioni mtaa mzima ukipika, inverta nzuri inavumilia, ya ovyo inajizima. Soma kwenye maelezo yake inakubali volti kuanzia ngapi.

*Gesi na upepo.* Ndani ya banda unatumia gesi. Nje unaweka waya wenye unga. Kubadilisha si kubadili roli la waya tu. Waya mtupu na gesi unataka tochi iwe kwenye chanya. Waya wenye unga unataka tochi iwe kwenye hasi. Kuna kiungo cha kuhamisha, ama mbele ya mashine au ndani ya mlango wa waya. Mashine isiyo na kiungo hicho si ya kazi tatu, hata kama boksi limesema hivyo. Kazi nyingine inayotangazwa, TIG ya DC (kuchomelea kwa sindano ya tungsteni), inataka agoni tupu na tochi ya kununua kando; usiilipie zaidi kama hujapanga kuitumia.

*Matengenezo.* Feni yake inavuta hewa juu ya bodi za saketi, na hewa ya Dodoma ina vumbi jekundu laini linalokaa kila mahali. Kila mwezi, chomoa plagi, subiri dakika kadhaa kapasita ziishe umeme, fungua, pulizia hewa kavu ya kompresa kwa nguvu ndogo. Usiiweke chini mbele ya grainda: cheche za chuma zikiingia kwenye bodi, habari imeisha. Ikiungua inahitaji fundi wa elektroniki, si wa koili, basi muulize muuzaji nani anatengeneza, na wapi. Chagua yenye kiungo cha tochi cha aina ya Euro, ili tochi, ncha na nozo uvinunue popote.

*Inamfaa* mwenye gari la zamani analolipenda na nyumba inayoendelea kujengwa, aliye tayari kujifunza kuiweka sawa na kuitunza.

Transfoma kubwa ya gesi

*Chuma.* Chuma cha milimita 2 hadi 8 siku nzima, bila kulalamika. Kwenye bodi ya gari inawezekana, ila nguvu zinapangwa kwa swichi ya hatua, na kati ya hatua moja na nyingine mara nyingine ndipo ulipo moto ulioutaka.

*Umeme.* Hapa ndipo wengi wa nyumbani wanakwama. Nyingi ni za njia tatu, na hata za njia moja zinavuta kishindo zinapowashwa kiasi cha kuangusha breka ndogo. Uliza kabla ya kubeba. Volti zikishuka, moto wake unashuka nazo palepale, lakini yenyewe haidhuriki.

*Gesi na upepo.* Bila gesi hakuna kazi, na bila banda lenye kuta hakuna gesi. Mtungi mkubwa unaobebwa nyuma unapunguza safari za kujaza.

*Matengenezo.* Nguvu yake iko hapa. Ina koili, daiodi, swichi, feni na mota ya waya. Vumbi haliitishi, na mafundi wa kusuka koili wapo mjini. Iliyotumika ikiwa na koili za shaba inaweza kuwa na maisha marefu kuliko mpya nyepesi. Uzito wake, kilo 40 hadi 80, unamaanisha kazi inaifuata mashine.

*Inamfaa* mwenye gereji au karakana ya mageti yenye wateja kila siku.

Kabla ya kuwasha kwenye gari

Haya hayategemei mashine. Toa terminali hasi ya betri. Funga klipu ya ethi karibu kabisa na unapochomelea, kwenye chuma kilichosuguliwa, ili umeme usipite kwenye beringi au nyaya za gari. Jua tanki na mabomba ya mafuta yako wapi, na usichomelee tanki hata kama limekaa tupu kwa mwaka. Ng'oa kapeti na sponji upande wa pili wa bati; moto wa gereji huanzia pale usipopaona. Bati lenye zinki lisuguliwe kwanza, na moshi wake mweupe usiuvute, unaleta homa. Dawa za kusafishia breki zenye klorini zisikaribie moto wa kuchomelea: mwanga wake unazigeuza kuwa gesi yenye sumu ya kuua.

Na kuna mahali ambapo namsihi mtu wa nyumbani aache: nguzo za bodi, panapofungwa mkanda, chasisi iliyopasuka, viungo vya usukani. Mshono unaweza kupendeza juu na ukawa haujashika chini, na anayekaa humo ni mwanao. Hizo ni za fundi mwenye mafunzo. VETA Dodoma hufundisha uchomeleaji, kwa anayetaka kufika huko mwenyewe.

Kwa hali yako

Unapanga Chang'ombe, soketi ni za kawaida, kazi ni kitanda, dirisha na keria: chukua ndogo isiyo na gesi, yenye DC, na pesa iliyobaki nunua kofia nzuri ya kujitia giza yenye namba 10 au 11.

Una gari la kunyoosha bodi na kona ya nyumba yenye kuta mbili au tatu za kuzuia upepo: inverta ya kazi tatu, pamoja na mtungi. Kama muuzaji wa gesi hakuridhishi kwa majibu, inunue tu, uanze na waya wenye unga kwenye sakafu na eksozi, paneli za nje zisubiri mtungi.

Unafungua karakana barabara ya Singida au Kizota, umeme wa njia tatu upo au umeshaombwa: transfoma, na inverta ndogo ya vijiti kwa kazi za nje. Kama njia tatu haijafika, inverta ya 200 yenye laini yake itakubeba mpaka ifike.

Una mashine ya vijiti tayari na unatengeneza mageti tu: baki nayo. MIG itakuongezea kasi na kukupunguzia kugonga ganda, lakini si lazima kwa chuma cha milimita 2.

Kazi yako iko shambani, Kongwa au Mpwapwa, na umeme ni wa jenereta: inverta ya kazi tatu kwa waya wenye unga na vijiti, bila mtungi. Jenereta iwe ya kVA 5 kwa ampia 120 hivi, na kVA 8 ukitaka kufika 200. Iwashe, iache itulie dakika mbili, ndipo uchomeke mashine. Ukimaliza, zima mashine kwanza kabla ya jenereta, kwa sababu volti zinazoyumba injini inapozima ndizo zinazoua bodi za inverta.